Mvinyo wa Campania: Mwongozo Kamili wa Zabibu Zake, Lebo, Ununuzi na Kumimina

Mvinyo wa Campania, mkoa wa kusini mwa Italia wenye jiji la Napoli, hautaki pupa. Aglianico, zabibu nyekundu ya huko, ikivunwa wiki mbili kabla ya wakati wake, inatoa mvinyo wenye ukakasi wa bibo changa. Taurasi, mvinyo wa Aglianico hiyohiyo, ikifunguliwa ina miaka minne na kunywewa papo hapo, mgeni atakunja uso na kuuliza kama chupa imeharibika. Fiano, mvinyo mweupe, ikitolewa kwenye friji ikiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kinachobaki kinywani ni ubaridi na uchachu tu. Malalamiko mengi kuhusu mvinyo huu, ukiyafuatilia, utakuta kuna mtu mahali fulani aliyeharakisha.

Mwongozo huu ni kwa anayenunua chupa ya kunywa nyumbani, na pia kwa mhudumu wa hoteli au mgahawa wa Kiitaliano, awe Malindi, Watamu, Unguja au Ulaya, anayeulizwa na mgeni tofauti ya Greco na Fiano, zabibu mbili nyeupe, na hana la kujibu.

Tuanze na matamshi, maana hapo Mswahili ana bahati: irabu za Kiitaliano zinatamkwa karibu sawa na zetu. Greco ni Greko. Falanghina ni Falangina, ile "g" ikiwa nzito kama ya "gari". Aglianico ni Alyaniko, na hapa pana mtego: sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ila Mwitaliano anakazia "lya". Sciascinoso, zabibu nyingine nyekundu ya huko, ni Shashinoso. Ukiyatamka haya vizuri, mgeni kutoka Napoli ameshaanza kukuamini kabla hujagusa kizibo.

Campania ni mbili

Mkoa una wilaya kuu tano: Napoli, Caserta, Salerno, Avellino na Benevento. Kwa mnywaji, zigawe mara mbili tu.

Ya kwanza ni pwani ya volkano: mlima Vesuvio, Campi Flegrei magharibi ya jiji la Napoli, kisiwa cha Ischia na miteremko ya Amalfi. Udongo ni mchanga, majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na volkano. Mdudu filoksera, aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hastawi kwenye mchanga wa namna hii. Ndiyo maana Campi Flegrei na sehemu za Vesuvio bado zina mizabibu iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, wakati sehemu kubwa ya dunia inalazimika kuipandikiza juu ya mizizi ya Kimarekani. Mvinyo wa upande huu ni mwepesi, una ladha ya chumvichumvi, na mwingi wake unanyweka mapema.

Ya pili ni bara: Irpinia, yaani Avellino na milima yake, pamoja na Sannio, yaani Benevento. Mtu aliyezoea picha za Napoli zenye jua na bahari hushangaa akisikia kwamba Irpinia hupata theluji. Jina lenyewe linatokana na neno la kale la mbwa mwitu. Mashamba yapo kati ya mita 300 na 700 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana una joto na usiku baridi, na udongo ni mfinyanzi na chokaa vikichanganyika na majivu yaliyopeperushwa na Vesuvio kwa maelfu ya miaka. Baridi ya usiku huhifadhi uchachu ndani ya zabibu na kuchelewesha kuiva. Sifa zote za mvinyo wa bara zinatoka hapo, na matatizo yake pia. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza. Irpinia ni mara moja tu, na mvua ya Oktoba ikiharibu, umeupoteza mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: zijue zabibu tano

Zipo aina nyingi za asili, lakini ukizimudu tano unaweza kusoma orodha yoyote ya mvinyo wa Campania.

Aglianico ndiyo mfalme mwekundu. Inaiva mwisho kabisa: Taurasi huvunwa kuanzia katikati ya Oktoba, na kwenye vijiji vya juu kama Montemarano na Castelfranci kazi huingia Novemba. Ina mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja kwa wingi, ukakasi mkali wa maganda na mbegu, na uchachu wa kukaribia ukwaju. Ikivunwa kabla mbegu hazijageuka kahawia, ukakasi unakuwa wa kijani, mkavu, unaokwangua fizi, na hata miaka kumi pishini haitauondoa. Ikivunwa kwa wakati, ukakasi huohuo ni mzito lakini laini, na kadiri miaka inavyopita unageuka kuwa kama mahameli. Ladha zake ni cheri nyeusi, plamu, ngozi, tumbaku, moshi na pilipili manga. Wengi husema jina linatokana na "Ellenico", yaani ya Kigiriki. Ni hadithi inayopendeza kwenye ziara za watalii, lakini vinasaba havijaonyesha undugu wowote na zabibu zinazolimwa Ugiriki leo.

Fiano, kwa maoni yetu, ndiyo zabibu nyeupe bora ya kusini mwa Italia. Kishada chake ni kidogo, ganda nene, juisi haba, ndiyo maana wakulima wengi waliitelekeza katikati ya karne ya 20. Aliyeishikilia ni Antonio Mastroberardino (1928–2014) wa Atripalda, ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara hii tangu 1878. Yeye alikataa kung'oa Fiano na Greco ili apande aina zenye mavuno makubwa. Ikiwa changa, Fiano ina harufu ya pea, maua na shamari. Ikifika miaka minne au mitano inatoa asali, njugu zilizokaangwa na moshi, ingawa mara nyingi haijagusa pipa. Watu wa zamani waliihusisha na nyuki, ambao huvutiwa na utamu wake, na ndiyo sababu baadhi ya lebo zina neno Apianum.

Greco mara nyingi huwekwa kapu moja na Fiano, na hilo ni kosa. Greco ni pana na nzito kinywani, ina mafuta kidogo, uchachu mkali na uchungu wa lozi mwishoni, tena ina kaukakasi, jambo adimu kwa mvinyo mweupe. Juisi yake ina rangi nyingi na hugeuka kahawia upesi ikikutana na hewa. Kwa hiyo mtengenezaji makini huipoza mara tu zabibu zinapofika kiwandani, huikamua bila kuipigisha hewa, na huichachua kwenye matangi ya chuma cha pua kwa nyuzi 15 hadi 18. Akizembea kwenye saa hizo za mwanzo, unapata mvinyo wa dhahabu iliyochakaa wenye harufu ya tofaa lililopondeka. Greco ikiwa na rangi iliyokolea usiitupe kwa sababu hiyo pekee, ndiyo asili yake. Inuse kwanza.

Falanghina ni ya kila siku: nyepesi, ya limau, tofaa na maua meupe, na bei yake haiumizi. Wasioijua hudhani ni moja. Ukweli ni kwamba zipo mbili zenye vinasaba tofauti, Falanghina Beneventana ya bara na Falanghina Flegrea ya pwani. Ya pwani ina chumvi zaidi na mwili mwembamba, ya bara ina matunda na uchachu zaidi. Ilikaribia kusahaulika hadi Leonardo Mustilli wa Sant'Agata dei Goti alipoitia kwenye chupa peke yake mwaka 1979. Jina linatokana na vijiti vya kuegemezea mizabibu.

Piedirosso ni "mguu mwekundu". Vikonyo vyake vikiiva huwa vyekundu kama mguu wa njiwa, na wenyeji wanaiita kwa lahaja yao per' 'e palummo, mguu wa njiwa huohuo. Ni mvinyo mwekundu usio na ukakasi mwingi, wa cheri na maua, wenye harufu ya majivu. Mkulima wa Irpinia huichanganya kidogo na Aglianico ili kuilainisha. Ile ya Campi Flegrei, ikinywewa peke yake na kupozwa kidogo, ni mvinyo mwekundu unaofaa zaidi joto la pwani yetu kuliko karibu wote wanaouzwa madukani.

Zilizobaki ni kwa wadadisi. Coda di Volpe, "mkia wa mbweha", imepewa jina kwa umbo la kishada chake. Biancolella na Forastera ni za Ischia, kisiwa kilichopata DOC yake (hadhi ya jina la mvinyo linalolindwa kisheria) mapema kabisa, 1966. Asprinio ya Aversa hupandishwa juu ya miti ya mipopla hadi mita 15, na mvunaji hupanda ngazi ndefu nyembamba akiwa na kikapu. Uchachu wake ni wa kung'oa meno, kwa hiyo hufaa zaidi ikitengenezwa yenye mapovu. Pallagrello na Casavecchia ni za Caserta, zilifufuliwa miaka ya 1990. Tintore ya Tramonti, juu ya Amalfi, ina mizabibu mizee sana isiyopandikizwa, na mvinyo wake ni mweusi kama wino.

Hatua ya pili: soma lebo kutoka chini kwenda juu

Picha ya volkano kwenye lebo haikuambii kitu. Tafuta maandishi madogo.

DOCG ni daraja la juu la udhibiti: kanuni zinataja vijiji, zabibu, mavuno ya juu kwa hekta na muda wa kukomaza. Chupa ya DOCG lazima iwe na ukanda wa karatasi wenye namba kwenye shingo. Kama ukanda haupo, usinunue. Campania ina nne tu:

– Taurasi (tangu 1993): vijiji 17 vya Avellino, Aglianico isiyopungua asilimia 85, miaka 3 ya kukomaza ambayo angalau mmoja ni ndani ya mbao. Riserva ni miaka 4, na miezi 18 ya mbao.
– Fiano di Avellino (2003): vijiji 26, Fiano asilimia 85 au zaidi.
– Greco di Tufo (2003): vijiji 8 tu, Greco asilimia 85 au zaidi, inayobaki ni Coda di Volpe.
– Aglianico del Taburno (2011): Benevento, mwekundu na pia wa waridi.

Chini yake kuna DOC. Irpinia Aglianico na Irpinia Campi Taurasini mara nyingi hutoka mashamba yaleyale ya Taurasi, ila hazikukaa muda mrefu kwenye mbao. Hapa ndipo penye thamani nzuri kwa pesa yako: mvinyo wa mtengenezaji yuleyule, kwa bei ya chini, unaonyweka miaka mitatu au minne baada ya mavuno. Falanghina del Sannio, Campi Flegrei, Vesuvio, Ischia, Costa d'Amalfi na Falerno del Massico zote ni DOC. IGT (Campania, Beneventano na nyinginezo) ni huru zaidi. Huko utakuta mvinyo wa kawaida kabisa na pia kazi za mafundi waliokataa kufungwa na kanuni, kwa hiyo jina la mtengenezaji ndilo lenye uzito kuliko herufi hizo tatu.

Maneno mengine: annata au vendemmia ni mwaka wa mavuno. Imbottigliato all'origine maana yake mwenye zabibu ndiye aliyetia kwenye chupa, na hiyo ni dalili njema. Contiene solfiti haina maana yoyote ya kukutisha, iko karibu kwenye kila chupa duniani.

Angalia majina yanayofanana. Aglianico del Vulture ni ya mkoa jirani wa Basilicata, mvinyo mzuri lakini si Campania. Greco di Bianco ni mvinyo mtamu wa Calabria kutoka zabibu nyingine kabisa. Grechetto ni ya Umbria. Falerno del Massico mwekundu unaweza kuwa wa Aglianico na Piedirosso au ukawa wa Primitivo, zabibu nyingine nyekundu, na hivyo viwili havifanani hata kidogo. Soma nyuma ya chupa, au uliza.

Na Lacryma Christi? "Machozi ya Kristo" ni mvinyo wa Vesuvio wenye kilevi cha juu kidogo kuliko Vesuvio ya kawaida, mweupe kwa kawaida wa Coda di Volpe na Caprettone, mwekundu wa Piedirosso. Wapo wanaoutengeneza kwa heshima. Ila jina hili linajiuza lenyewe kwa watalii wa Pompeii, na chupa nyingi zinategemea hilo. Kama hujui mtengenezaji, pesa hiyohiyo itakupa Falanghina iliyo bora.

Hatua ya tatu: kuchagua mwaka na duka

Kwa mvinyo mweupe mwepesi, sheria ni fupi: Falanghina na Biancolella zinywe ndani ya miaka 3. Greco ipe kati ya miaka 2 na 6. Fiano nzuri huanza kusema baada ya mwaka wa tatu na huenda hadi kumi. Piedirosso miaka 1 hadi 4. Irpinia Aglianico 3 hadi 7. Taurasi usiisumbue kabla ya miaka 8. Ile iliyotoka mwaka mzuri na kwa mtengenezaji mzuri huvuka 20 bila kutetereka, na Taurasi Riserva ya Mastroberardino ya 1968 imekuwa kipimo cha wengine kwa miongo.

Miaka haifanani. 2014 ilikuwa na mvua nyingi, ikawa afadhali kwa nyeupe kuliko kwa Aglianico. 2017 ilikuwa kavu na ya joto kali, nyekundu nyingi zikawa nzito. 2023 ukungu wa majani ulikula mavuno ya kusini mwa Italia vibaya, na waliobaki na zabibu safi ni wale waliolinda shamba wiki baada ya wiki. 2013, 2015 na 2016 ni miaka ya kununulia Taurasi bila wasiwasi mkubwa.

Ukiwa kwenye nchi ya joto, duka ni muhimu kuliko mwaka. Kontena likikaa bandarini juani siku kadhaa, mvinyo unapikwa. Kabla hujalipa, kagua mambo matatu. Pitisha kidole juu ya kizibo chini ya karatasi ya shingo: kikiwa kimechomoza, mvinyo ulipanuka kwa joto. Tazama kama kuna michirizi ya mvinyo iliyokauka shingoni. Tazama kiwango: kwenye chupa changa mvinyo uwe ndani ya shingo, usiwe umeshuka begani. Chupa iliyosimama dirishani chini ya taa usiichukue hata ikipunguzwa bei nusu, hasa kama glasi ya chupa ni nyeupe, maana mwanga unaharibu mvinyo mweupe ndani ya muda mfupi.

Nyumbani, laza chupa mahali pa giza penye nyuzi 12 hadi 16. Pwani mahali hapo hapapo bila mashine. Kama huna friji ya mvinyo, usihifadhi Taurasi kwa miaka: nunua iliyokwisha komaa, uinywe ndani ya wiki chache. Juu ya friji ya jikoni ndipo mahali pabaya kuliko pote, kuna joto na mtikisiko.

Hatua ya nne: joto la kumimina

Hapa ndipo wahudumu wengi wanapopotea. "Joto la chumba" liliandikwa na watu wenye vyumba vya nyuzi 17. Chumba cha Mombasa kina 29.

Falanghina, Asprinio na Biancolella: nyuzi 8 hadi 10. Greco na Fiano: 11 hadi 13. Piedirosso: 14 hadi 15. Aglianico na Taurasi: 16 hadi 18.

Kutoka nyuzi 28 hadi 10, friji ya kawaida inahitaji karibu saa tatu. Ndoo yenye nusu barafu na nusu maji inafanya kazi hiyo kwa dakika 20 hadi 25. Barafu peke yake bila maji ni polepole mno, kwa sababu hewa iliyo kati ya vipande haipitishi ubaridi vizuri. Ukiongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, unapunguza dakika kadhaa. Taurasi iliyokuwa kwenye rafu ya chumba iweke kwenye ndoo hiyo dakika 8 hadi 10, basi. Usione aibu kumpoza mfalme.

Kinyume chake, Fiano iliyolala kwenye friji usiku mzima itoe dakika 15 hadi 20 kabla ya kuimimina, na tumia glasi kubwa yenye tumbo, hata kama kwenye kabati lako glasi za mvinyo mweupe ni ndogo. Harufu ya moshi na njugu haitoki kwenye glasi nyembamba ya baridi kali.

Hatua ya tano: kufungua Taurasi

1. Isimamishe wima saa 24 kabla, saa 48 kama imevuka miaka 15. Mashapo yashuke chini.
2. Kata karatasi chini ya ukingo wa shingo, futa kwa kitambaa. Ukungu juu ya kizibo si tatizo, ni dalili ya pishi lenye unyevu.
3. Ingiza skurubu katikati, izungushe wewe, usiizungushe chupa. Acha mzunguko mmoja nje ili usitoboe kizibo hadi chini na kudondosha vumbi ndani.
4. Kizibo cha zamani kikianza kukatika, acha kuvuta. Tumia kifungulio cha meno mawili yanayoingia pembeni. Kikizama, mimina kupitia chujio safi, mvinyo haujaharibika.
5. Mimina kidogo, nusa, onja kabla ya kuamua. Taurasi chini ya miaka 10: imimine kwenye jagi pana, iache saa 2, hata 3. Ya miaka 10 hadi 20: nusu saa hadi saa moja. Iliyovuka 20: usiipeleke kwenye jagi mapema. Itenganishe na mashapo tu na uimimine, kwa sababu harufu zake ni dhaifu na zinaweza kutoweka ndani ya dakika 30.
6. Mimina taratibu, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo. Utepe mweusi wa mashapo ukifika begani, simama. Kiasi cha sentimita mbili kibaki chini.

Mimina mililita 125 kwa mtu, chupa ya 750 inatoa glasi sita. Kwa kuonja tu, mililita 50 zinatosha, na chupa moja inahudumia watu 15. Mpangilio wa kuonja Campania kwa jioni moja ni Falanghina, Greco, Fiano yenye miaka minne au mitano, Piedirosso, kisha Aglianico. Fiano ije baada ya Greco. Ukigeuza, ukali wa Greco unafuta kila kitu ambacho Fiano ilitaka kusema.

Yanayoharibika, na sababu zake

Harufu ya kadibodi iliyolowa au gunia bichi ni ugonjwa wa kizibo. Haitibiki, na kuiacha kwenye hewa inaizidisha. Rudisha chupa, mhudumu asibishane.

Harufu ya kiberiti kilichowashwa au yai lililochemshwa, hasa kwenye Greco changa na Piedirosso, ni jambo jingine. Mvinyo ulitengenezwa bila hewa na umejikunja. Zungusha glasi kwa nguvu, ngoja dakika 10 hadi 15, kwa kawaida itatoka. Mtu atakuambia ni salfa ya migodi ya Tufo. Ni kweli kwamba kijiji hicho kilichimba salfa tangu karne ya 19, lakini salfa ya ardhini haipandi kwenye mzabibu na kuingia kwenye glasi yako kwa harufu. Harufu inazaliwa tangini, wakati hamira ikifanya kazi.

Harufu ya zizi la farasi kwenye Aglianico inatokana na hamira pori inayokaa kwenye mapipa ya zamani. Kidogo, wengine wanaipenda. Ikifunika matunda yote, ni uchafu wa kiwanda, hata jina la mtengenezaji liwe kubwa namna gani.

Chembe zinazong'aa kama vioo chini ya Fiano ni chumvi ya asidi ya zabibu, hazidhuru. Na ukakasi mkali kwenye Aglianico changa si ugonjwa, ni umri. Mletee mgeni chakula.

Chakula

Falanghina na samaki wa kukaanga, dagaa wabichi waliotiwa limau, au spaghetti ya kome. Greco inataka chumvi na mafuta: mozzarella ya maziwa ya nyati kutoka Paestum au Aversa, pweza, vitunguu. Fiano ikishakomaa inaweza kubeba mchuzi mzito kuliko unavyodhani, na samaki wa kupaka hauipigi chini, kwa sababu tui linalainisha uchachu na moshi wa mkaa unakutana na moshi wa mvinyo. Piedirosso na pizza, au na sungura kama wanavyompika Ischia. Taurasi na mwanakondoo, au ragù (mchuzi wa nyama) ya Napoli iliyochemka polepole kwa saa nyingi. Mafuta na protini ya nyama hukamata ukakasi, ndiyo maana mvinyo uliokuwa mkali ukinywewa peke yake unalainika baada ya tonge la kwanza. Mbuzi wa kuchoma anafanya kazi hiyo vizuri sana. Pilipili usiiweke karibu, maana kilevi na ukakasi huichochea na mgeni atalaumu mvinyo.

Kilichobaki kwenye chupa

Falanghina iliyofunguliwa inakaa siku mbili kwenye friji, Greco na Fiano siku tatu. Aglianico changa mara nyingi ni tamu zaidi siku ya pili, hivyo usiimwage. Njia rahisi ya kuhifadhi nusu chupa ni kuwa na chupa ndogo safi ya mililita 375. Ijaze hadi juu kabisa siku ileile unapofungua kubwa, kabla hujaanza kunywa, ifunge vizuri na uiweke kwenye friji hata kama ni nyekundu. Hewa haina nafasi ya kuingia, na mvinyo unakaa wiki. Uitoe nusu saa kabla ya kuinywa. Taurasi kuukuu iliyovuka miaka 20 ndiyo pekee isiyobakizwa: ita rafiki, mmalize usiku huohuo.